Picha ya Bunduki Niliyomwonyesha Liang

Fathiya Abdulwakil,
Chumba 907, ghorofa ya tisa,
Xiaobei, Guangzhou,
China.

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Swalha,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na nduguzo na wazee wote hapo Kisauni. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mola. Ni magoti tu yanayonitia adabu nikipanda ngazi. Moyo ndio mgonjwa, na utajua kwa nini. Nyanyako Mwanakhamis aendeleaje na presha yake? Anameza dawa, au bado anazificha chini ya mto na kusema amemeza? Mwambie binti yake anamuuliza, tena kwa ukali.

Najua utashangaa kuona karatasi. Shangazi yako, ambaye akikohoa tu hutuma sauti kwa simu, leo ameshika kalamu kama mwanafunzi wa bweni. Sitaki maneno haya yapite kwenye simu yangu wala yako. Barua utaletewa na Kawira, binti wa Kimeru anayesoma Kichina katika chuo kimoja hapa, anayeruka Ijumaa kuja nyumbani. Ukishaisoma usinipigie kuniuliza lolote la bunduki. Yote nimeyaandika humu.

Mwezi wa tisa uliniuliza ununue bunduki gani ya kujifunzia shabaha, iliyo nafuu na inayopiga pale unapoilenga, na kama huku China haipatikani kwa bei ya chini zaidi. Nikakujibu kwa mkato, nipe muda niulizeulize. Ole wangu, Swalha. Kwa sababu ya kule kuulizauliza kwangu, mwanamke aitwaye Liang, ambaye nimenunua suruali za watoto kwake miaka kumi na mmoja, amewekwa ndani wiki tatu sasa. Mimi ninalo neno ambalo huenda likamfaa mbele ya polisi, nami sijalisema.

Nitafika huko. Kwanza nikupe jibu lako, maana umelingoja muda mrefu na swali lenyewe halikuwa na kosa.

Umenitajia bunduki tatu alizonazo yule muuzaji wa Nairobi. Zote ni za risasi ndogo, zile ambazo pini hugonga ukingo wa kitako cha risasi badala ya kugonga katikati. Hapo umefikiri vyema. Risasi zake si ghali, hazipigi bega teke, na mlio wake hauzibi masikio. Anayeanza na bunduki kubwa hujifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, na ugonjwa huo ukishaingia hautoki. Babu yako Abdulwakil, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza silaha wa idara ya wanyamapori, na alinifundisha mimi kwa bunduki kama hiyo shambani kwetu Kwale, nikitungua makopo ya maziwa. Baba yako Yasir naye alifundishwa, lakini alikuwa akiwahurumia hata makopo. Muulize akuambie nani alikuwa akishinda.

Ile inayojipakia yenyewe, yenye darubini na kitako cheusi cha kijeshi, iache. Najua ndiyo uliyoipenda, kwa kuwa picha yake uliituma mara mbili. Itakufundisha kumwaga risasi kama mtu amwagaye maji uani, na utamaliza mwaka hujui ni ipi uliyopiga vizuri na kwa nini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile naona inajitembeza sana.

Ile mpya ya kitako cha plastiki si mbaya, na bei yake inavutia. Lakini ni nyepesi mno na mtutu wake ni mwembamba. Bunduki nyepesi hufuata pumzi yako, ukivuta inapanda, ukitoa inashuka. Kwa mtu wa kuwinda sungura porini sawa, kwa mtu anayejifunza kutulia itamchosha roho.

Chukua ile kuukuu ya kitako cha mti, ya kuvuta komeo kwa mkono, risasi moja kisha nyingine. Wewe umeandika kwamba ina mikwaruzo na inaonekana ya kizee. Mikwaruzo ya kitakoni haipotezi risasi hata moja. Mtutu wake ni mzito, na uzito huo ndio utakaokushika mkono. Tena umesema tundu la kulengea lipo nyuma, karibu na jicho. Hilo ni bora kuliko darubini ya bei rahisi ambayo baada ya mwezi inaanza kucheza. Pesa ya darubini nunulia risasi.

Lakini usiinunue kwa kuangalia tu. Nenda na mwalimu wako Kibet, asiwe na haraka. Hakikisha haina risasi, ufungue komeo, utie mwanga upande mmoja na utazame mtutu kwa ndani: ile michirizi inayozunguka ionekane wazi, isiwe na kutu. Pitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu. Ukikuta pengo au mdomo umelika upande mmoja, ondoka, hata wakikupa bure. Kisha kiweke kitako kwenye kiwiko ulichokikunja uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kujinyoosha. Wewe una mikono mifupi ya kina nyanyako, na bunduki nyingi zimetengenezwa kwa wanaume warefu. Kitako cha mti kinaweza kukatwa na fundi. Cha plastiki, mpaka ununue kingine.

Ukiruhusiwa kuijaribu, iegemeze kwenye mfuko wa mchanga, mita hamsini, upige risasi tano mfululizo bila kurekebisha chochote. Usitazame kama zimepiga kati. Tazama kama zimekaa pamoja. Zikikaa pamoja pembeni, hiyo ni kazi ya kurekebisha kwa bisibisi tu. Zikitawanyika, jaribu risasi za kampuni nyingine, kwa kuwa kila mtutu una risasi unayoipenda, na hakuna ajuaye ni ipi mpaka ajaribu. Zikitawanyika aina tatu, nne, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

Neno jingine ambalo wengi hawalijui. Usifyatue bunduki ya aina hii ikiwa tupu kwa ajili ya mazoezi. Pini itagonga ukingo wa chemba yenyewe na kuiharibu kidogo kidogo. Tia ganda lililokwisha kupigwa, na kila mara ulizungushe kidogo. Babu yako alimchapa baba yako kwa kosa hilo. Na kibali, Swalha. Kibali kwanza, bunduki baadaye. Mpaka kitoke, pigia ile ya klabu, hata kama mnaipokezana watu sita.

Hayo ndiyo majibu. Nilikuwa nayo kichwani tangu mwezi wa tisa, na lau ningeyaandika siku ile ile na kunyamaza, Liang angekuwa dukani kwake sasa hivi akibishana na wateja.

Kilichoniponza ni kiburi cha biashara. Babu yako aliwahi kushika bunduki ndogo ya shabaha iliyotengenezwa China, akaisifu kwa uzani wake na bei yake. Nikalikumbuka hilo. Nikajiambia, mimi niko kwenye chimbuko, kwa nini mtoto wetu akanunue Nairobi mkono wa nne? Sisi tulioishi huku ndivyo tulivyo. Tumeona kila kitu kikitoka hapa, vyoo, misahafu, nywele, majeneza, mpaka tukaamini hakuna kitu kisichoulizwa bei. Nilijua silaha huku haziuzwi kwa raia. Nilijua pia kwamba bunduki haiingii Kenya bila karatasi. Lakini nikasema kuuliza si kununua. Sokoni huku kuuliza bei ni kama kusalimiana.

Liang ana duka ghorofa ya tatu katika soko moja la jumla hapa barabara ya Guangyuan Xilu. Ni mfupi, anapenda mizaha, na ananisema kwa unene wangu mbele ya wateja. Mwaka wa korona nilipokwama Mombasa, alinitunzia mzigo wangu miezi kumi na minne, akiuhamisha kila maji yalipoingia stoo. Hakunitoza kitu. Adhuhuri ikifika ananitandikia boksi jipya nyuma ya rafu nisali, na mtu akija kuulizia bei anamnyamazisha kwa kidole. Ana tabia moja, kwamba mteja wa zamani hamwambii neno "meiyou", yaani hakuna. Ukimtajia kitu asichokuwa nacho, atakitafuta mpaka akipate.

Nami nilikuwa naijua tabia hiyo vizuri. Nilimpa simu yangu nikamwonyesha ile picha uliyonitumia. "Laoban, hii unaweza kupata?" Laoban ni bosi, ndivyo tunavyowaita wote.

Alitazama, akacheka. "Fati, unataka kupigana na nani?"

Nikamwambia ni ya mchezo, mtoto wa kaka yangu anajifunza shabaha, anataka kushindana. Akauliza kama ni binti. Nikasema ndiyo. Akafurahi, akasema hata wake, Xiaomin, angempeleka kwenye mchezo kama huo asingekuwa mvivu. Akatoa simu yake akaipiga picha skrini ya simu yangu. "Mingtian," akasema. Kesho.

Ningeweza kumwambia aache. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaulizia suruali za saizi ya miaka sita.

Liang alimwuliza shemeji yake, aliye mkoa mwingine. Huyo naye hakujua au hakujali tofauti ya bunduki moja na nyingine, akatafuta bunduki ya upepo iliyofanana na picha, akaifunga kwenye boksi, akaituma kwa watu wa vifurushi kwa jina la Liang na anwani ya duka lake. Huku hata bunduki ya upepo ikizidi nguvu kidogo huhesabiwa silaha, na kuwa nayo ni kifungo. Boksi lilifika dukani Jumatatu ya tarehe 21 mwezi uliopita, na polisi wakafika nyuma yake.

Siku hiyo nilikuwa soko la nguo la Shisanhang nikichagua blauzi. Nilipofika kwa Liang alasiri nilikuta mlango wa chuma umeshushwa na karatasi imebandikwa. Jirani yake wa duka la pili aliniambia kwa ishara zaidi kuliko maneno: alikunja mikono kama amefungwa pingu, kisha akaonyesha mtu anayelenga. Aliponiuliza kama najua habari ile, nikatikisa kichwa.

Nilimweleza mtu mmoja tu, Macharia, wakala wa Nairobi anayenipakilia kontena kule bandari ya Huangpu. Ni kijana mwenye adabu na nilitaka mtu anipe ushauri. Alifunga mlango wa ofisi yake kwanza.

"Mathee, hii story wachana nayo kabisa," akaniambia. "Ukijipeleka kwa polisi, visa imeenda. Na kontena yako iko nusu, nani atai-close? Huyo laoban ni mtu wao, watajuana wenyewe."

Nikayapokea maneno yake haraka, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeyafuata. Nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba nina kaka, nina mama mgonjwa, nina watu wanaokula kwa mzigo huu. Yote ni kweli. Kila asubuhi tangu siku ile nimeyarudia, na kila asubuhi yanazidi kupungua nguvu. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, nikamwachia mtu asiye wa kwetu alile peke yake.

Kinachonikimbiza sasa ni siku. Jirani yule anasema polisi hapa wana kama mwezi mmoja kabla ya kulipeleka faili kwa mwendesha mashtaka. Likishafika huko, ni vigumu kulirudisha nyuma. Wao wanadhani Liang anauza silaha chini ya suruali. Anayejua kwamba hajui hata bunduki ishikwe upande gani ni mimi, na anayejua picha ile ilitoka wapi ni mimi na yeye.

Wewe usijilaumu. Nakuomba hili kwa haki ya baba yako. Uliuliza swali la mtoto kwa mtu mzima, na mtu mzima ndiye aliyepaswa kujua pa kulipeleka. Nimekuandikia kwa sababu sikutaka uje ulisikie jambo hili kwa Macharia au kwa mtu mwingine wa Mombasa, wakalisimulia kwa kicheko. Na labda nimekuandikia nijione aibu kwenye karatasi. Naiacha hapa leo.

Jumatano, 13 Novemba

Swalha, nimekwenda.

Jana nilimpikia Kawira pilau nikamweleza yote, kwa kuwa Kichina changu ni cha dazeni na rangi, hakifai polisi. Nilidhani atakataa, maana naye ana visa ya kuchunga. Alisikiliza akala akamaliza, kisha akasema, "Shangazi, kesho saa tatu. Vaa kitu cha heshima." Nilivaa buibui langu jipya na nikabeba pasipoti, mkataba wa nyumba, na zile risiti zote za miaka kumi na mmoja zenye muhuri wa duka la Liang. Nilizipanga kwenye bahasha. Sijui nilidhani zitasema nini.

Walituketisha chumba chenye meza na saa ya ukutani. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua, na kila mara alikuwa akiomba radhi ili apenge kamasi. Nilimwambia kwamba picha ile ni yangu. Nikamwambia nilimwonyesha mimi, nikamwomba mimi, na kwamba Liang alidhani ni kifaa cha michezo kama raketi au mpira. Nikamwambia ya babu yako na makopo ya maziwa, hata Kawira akanitazama kama anayeuliza kwa nini. Nilitaka ajue kwamba aliyekuwa na akili ya kujua bunduki pale dukani ni mmoja tu, na si Liang.

Aliandika kurasa sita. Alipomaliza alinisomea, Kawira akinifasiria, na kila ukurasa nikatia alama ya kidole kwa wino mwekundu, na kila palipofutwa neno nikatia kingine. Kisha akaniuliza kitu kimoja ambacho sikuwa nimekiandalia jibu. Aliuliza kwa nini nimekuja siku ya ishirini na tatu.

Nikasema niliogopa. Akaliandika hilo pia, nami nikatia kidole.

Alituacha kama saa mbili. Aliporudi alikuwa na mwenzake wa upande wa wageni, na huyo ndiye aliyesema. Kibali changu cha kukaa hakitaendelea. Nina siku kumi za kufunga mambo yangu na kuondoka, na nisitarajie kurudi karibuni. Nikauliza kuhusu Liang. Yule mwenye mafua akasema maneno yangu yatawekwa kwenye faili na yatasomwa. Nikamwuliza Kawira amuulize kama yatamtoa. Akasema yatasomwa, akarudia mara ya pili, si kwa ukali. Hakuahidi kitu, nami sikuahidi wewe kitu, mwanangu, kwa hiyo usije ukawaambia watu kwamba shangazi yako amemwokoa mtu.

Nilipotoka nilijiona mwepesi. Nakwambia ukweli, kwa hatua kama ishirini hivi nilijiona mtu mwema.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Xiaomin, binti wa Liang. Anakuja kila Jumatano kumletea mama yake nguo za kubadili. Umri wake ni kama wako. Nilimsogelea nikaanza kumweleza, Kawira akifasiri, kwamba picha ilikuwa yangu na nimekwisha kusema kila kitu ndani.

"Najua ni yako," akasema.

Nilidhani sikuelewa. Kawira naye akamwuliza tena.

Akasema polisi walimwuliza mama yake siku nyingi simu ile kwenye picha ni ya nani, naye akajibu kila siku kwamba hakumbuki, Waafrika wanaopita dukani ni wengi. Lakini bintiye, alipoiona picha, aliijua simu ile kwa kava lake la maua ya njano. Kava ambalo alininunulia Liang mwenyewe.

Hapa kuna jambo nililokuficha Jumatatu. Suruali zilizoko kwenye kontena yangu si za Liang. Siku ya nne tangu akamatwe nilipanda ghorofa ile ile, nikaingia duka linalotazamana na lake, nikanunua mzigo mzima wa msimu kwa mtu ambaye Liang hasemi naye. Nilisimama nimeupa mgongo mlango wake. Nilijiambia mlango umefungwa, nani ataniona.

Xiaomin alikuwa ndani. Mlango wa chuma ulikuwa umeachwa wazi chini kidogo ili apate hewa, naye alikuwa ameketi sakafuni akipanga mali ya mama yake kwenye maboksi. "Nilikuona ukichagua rangi," akaniambia. "Nilitaka kutoka nikupigie kelele watu wajae. Nikangoja kwanza nimwulize mama kupitia kwa wakili."

Nikamwuliza mama alijibu nini.

Kawira alifungua kinywa kunifasiria. Mimi nilikwisha kuelewa, kwa kuwa yalikuwa maneno ya sokoni, yale yale ambayo Liang amekuwa akiwaambia wapagazi wake kwa ajili yangu kila mwaka mwezi kama huu. Alisema: mwache afunge mzigo wake kwanza, msimu hausubiri.

Xiaomin hakunitukana wala hakunishukuru. Aliuchukua mfuko wake wa nguo akaingia ndani, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Nitafika nyumbani kabla ya mwezi huu kwisha, Mungu akipenda. Macharia ataifunga kontena na kuituma. Atakayeuza suruali zile na auze, mimi sitazishika. Baba yako akiuliza sababu ya kurudi kwangu, mpe barua hii aisome mwenyewe. Nakuomba msije uwanja wa ndege kwa vigelegele, wala msinipikie. Nitachukua tuktuk.

Nisalimie sana Yasir, na umwambie asinipigie kunibembeleza. Nisalimie mama yangu Mwanakhamis, umshike mkono kwa niaba yangu, lakini haya usimsomee mpaka nifike. Msalimie na mdogo wangu Muzdalifa na wanawe wote. Mwalimu wako Kibet mwambie namwamini, asikuache ununue kwa macho.

Mola akulinde, akutulize mkono na akupe moyo usioogopa kama wangu. Na mkinyanyua mikono kuniombea, mtangulizeni Liang, mlitaje jina lake kamili, Liang Suyin, ndipo mfike kwangu, kama nafasi itabaki.

Wako akupendaye,
shangazi yako,
Fathiya